JE, DHAMANA YA KIONGOZI YAWEZA KUPIMWA?

Mwanafunzi apimaye urefu wa meza kwa rula hana haja ya kuiuliza meza maoni yake. Meza haimwogopi, haitaki kumpendeza, wala haibadili urefu wake kwa kuwa imejua inapimwa. Lakini tukitaka kujua kama meneja wa kiwanda, mganga mkuu wa hospitali au mwenyekiti wa chama cha ushirika anaongoza kwa kuwajibika, rula hatuna. Twalazimika kuwauliza watu, na watu hao wana mapenzi, hofu, na watoto wa kulisha. Hata hivyo upimaji wa namna hii hufanyika kila mwaka katika mashirika mengi ulimwenguni, na kwa matokeo yake watu hupandishwa vyeo au huondolewa kazini. Kwa sababu hiyo yafaa walimu na wanafunzi wa sekondari wajue kipimo cha uongozi huundwaje, na huharibikia wapi.

Kinachopimwa ni nini?

Mtu aweza kudhani kwamba ni lazima tuafikiane kwanza juu ya maana, ndipo tupime. Historia ya sayansi haikwenda hivyo kila mara. Vipimajoto vilitengenezwa na kutumika kwa muda mrefu kabla wanasayansi hawajaafikiana joto ni kitu gani. Maana na kipimo vilikua pamoja, kimoja kikikirekebisha kingine. Lakini hata fundi wa kipimajoto cha kwanza alikuwa na fununu ya kile alichokitafuta, nasi hatuna budi kuwa nayo.

Lugha yetu yatusaidia. Wajibu ni jambo lililo lazima mtu alitende. Dhamana ni kitu ulichokabidhiwa ambacho si chako, na ambacho mwenyewe atakuja kukiulizia. Usemi kwamba cheo ni dhamana, ambao TANU iliuingiza katika ahadi za mwanachama, una uzito zaidi ya tulivyouzoea majukwaani, kwa maana ndani yake mna mwenye mali, mna mshika mali, na mna siku ya kuulizana. Kitenzi kuwajibika nacho kilipata maana ya ziada nchini Tanzania. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga, ingawa yeye mwenyewe hakuwa ameshiriki katika vitendo hivyo. Tangu hapo watu wengi wasemapo kwamba kiongozi awajibike, humaanisha kwamba aachie ngazi.

Mfano huo una funzo la kisayansi. Tukipima kosa la mtu binafsi, waziri huyo hakuwa na hatia ya kuandika. Tukipima jinsi alivyoishika dhamana ya ofisi yake, kujiuzulu kwake ni jibu. Mtu ni mmoja na tukio ni moja, ila vipimo ni viwili na majibu hayafanani.

Wataalamu wa nchi za nje walichukua muda mrefu kufika hapo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani walikusanya kauli zipatazo 1,800 zinazoeleza matendo ya viongozi, wakazichuja hadi kauli 150, na majibu ya watu yalipochambuliwa kwa hesabu yalijikusanya zaidi katika mafungu mawili: kiongozi anavyowajali walio chini yake, na anavyoipanga kazi. Ilikuwa kazi kubwa, na hojaji nyingi za leo ni watoto au wajukuu wa ile. Lakini msomaji atafakari: mkuu wa genge la wezi aweza kupata alama za juu katika mafungu yote mawili. Anawajali watu wake, na kazi yake ameipanga vizuri. Kipimo hakikuuliza kazi yenyewe ni ya nini, wala nani ataumizwa nayo.

Swali hilo liliingia rasmi baadaye. Mwaka 2005 Brown, Treviño na Harrison walichapisha kipimo cha kauli kumi kuhusu uongozi wa kimaadili. Mwaka 2006 Maak na Pless walitoa hoja kwamba kiongozi anadaiwa na wote wanaoguswa na maamuzi yake, siyo na walio chini yake peke yao: wateja, majirani wa kiwanda, hata watumiao maji ya mto chini ya kiwanda hicho. Mwaka 2011 Voegtlin alitunga kipimo kifupi cha kauli tano. Mfanyakazi huulizwa kama mkuu wake anazifahamu haja za wahusika, kama huyafikiria matokeo yatakayowapata, kama huwashirikisha, kama hupima madai yao yanapopingana, na kama hujitahidi kupata mwafaka. Kwa maoni yangu kipimo hiki kina sifa moja inayozidi nyingine zote: kinatoka nje ya ukuta wa ofisi.

Kipimo tulichokuwa nacho

Si haki kusema kwamba jambo hili lililetwa kwetu na vitabu vya wageni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, wala kuwa mkurugenzi katika kampuni ya mtu binafsi, wala kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Tukiitazama miiko hiyo kwa jicho la mpimaji, twaona kwamba ni hojaji ya ndiyo na hapana. Uzuri wake ni kwamba majibu huweza kuhakikiwa: nyumba ipo au haipo. Upungufu wake ni kwamba hupima alichonacho kiongozi, na haisemi lolote juu ya namna anavyosema na watu. Mtu aweza kuwa hana hata kibanda cha kupangisha, na bado akawa mwonevu.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulijaribu kuliziba pengo hilo kwa kukemea majivuno, dharau na uonevu wa viongozi. Matokeo yake hayakutazamiwa na wengi. Kati ya mwaka 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma, na mara nyingi madai yao hayakuwa ya mshahara bali yalihusu jinsi mameneja walivyowatendea. Walikuwa wamepewa kipimo, nao wakakitumia. Masharti ya miiko ya 1967 yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo huwataka viongozi watoe matamko ya mali na madeni yao. Hapo tumerudi kwenye kipimo cha alichonacho mtu.

Hojaji na magonjwa yake

Tabia haihesabiki kama nyumba, na kwa hiyo hupimwa kwa hojaji. Aina inayotumika zaidi ni ile iliyoasisiwa na Rensis Likert mwaka 1932. Mjibu husomewa kauli, naye huchagua moja kati ya ngazi, kwa kawaida tano, kuanzia “sikubali kabisa”, yenye alama 1, hadi “nakubali kabisa”, yenye alama 5. Alama za kauli zote hujumlishwa. Kipimo husemwa kuwa ni thabiti iwapo, hali ikiwa ileile, hutoa jibu lilelile; husemwa kuwa ni halali iwapo hupima kile kilichokusudiwa. Sifa hizi mbili huchanganywa mno, hata na watu wenye shahada. Mizani ya dukani iliyochezewa, ambayo kila siku huonyesha kilo moja pale penye gramu 900, ni thabiti kabisa.

Ugonjwa wa kwanza wa hojaji uligunduliwa zamani. Mwaka 1920 Edward Thorndike alichunguza jinsi maofisa wa jeshi la Marekani walivyowapa alama watu waliokuwa chini yao kwa umbo, akili, uongozi na tabia. Alama hizo zilifuatana mno kuliko inavyoweza kuwa kweli, kana kwamba mrefu wa kimo lazima awe pia na akili na mwaminifu. Ofisa alikuwa na picha moja ya jumla, njema au mbaya, na picha hiyo ilimwaga nuru au giza juu ya kila swali. Wahenga walijua: ukipenda, chongo utaita kengeza.

Jaribio lililofanywa na Eden na Leviatan mwaka 1975 lasumbua zaidi. Waliwapa wanafunzi hojaji kuhusu uongozi wa kiwanda, lakini kiwanda hicho hakikuwako, na wanafunzi hawakuelezwa lolote kuhusu mwenendo wa viongozi wake. Walijibu hata hivyo. Majibu yao yalipochambuliwa yalijipanga katika mafungu karibu yaleyale yaliyopatikana kwa wafanyakazi wa viwanda vya kweli. Maana yake ni kwamba sehemu ya kile tunachodhani tunakisoma kwa kiongozi kimo kichwani mwa mjibu: ni picha aliyonayo tangu awali ya vile viongozi walivyo. Haimaanishi kwamba majibu yote ni ndoto. Lakini mtu akikuletea jedwali safi, ambalo mafungu yake yamejipanga vizuri, akakuambia kwamba usafi huo ndio ushahidi wa ukweli, mkumbushe kiwanda kisichokuwako.

Dawa moja ni kuacha kuuliza sifa na kuuliza matendo. Badala ya kauli “Mkuu wetu ni mwaminifu”, andika: “Katika miezi mitatu iliyopita, mkuu alitueleza mapato na matumizi ya chakula.” Sifa huita nuru, tendo lenye tarehe huita kumbukumbu, na kumbukumbu huweza kulinganishwa na mihutasari ya vikao na daftari la mhasibu.

Ugonjwa mwingine ni wa lugha. Hojaji nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa. Mwaka 1970 Richard Brislin alifafanua njia ya kufasiri na kurudisha: mtu mmoja hufasiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeiona asili huirudisha katika Kiingereza, na tofauti huonyesha palipopotoka. Njia hiyo huondoa makosa ya maneno, lakini haiwezi kuleta neno ambalo hojaji ya asili haikulifikiria. Waswahili husema juu ya kiongozi fulani kwamba haambiliki. Neno hilo moja lina habari nzima: ameambiwa, pengine na wengi, pengine kwa upole, wala halikumwingia. Sijaona hojaji ya kigeni yenye kauli iliyo sawa nalo. Wala tusisahau namba zinazotuhusu zilivyopatikana. Geert Hofstede, ambaye majedwali yake ya tamaduni za kazi yametajwa katika vitabu visivyo na idadi, alitumia majibu ya wafanyakazi wa kampuni moja, IBM, yaliyokusanywa kati ya mwaka 1967 na 1973. Na katika majedwali hayo Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilipewa namba moja ya pamoja. Kutoka kwa wafanyakazi wa mashine za hesabu hadi kwa mkulima wa kahawa wa Kagera ni safari ndefu.

Wastani uwezao kuficha

Tuchukue shule mbili za kubuni. Katika kila moja watu kumi wamepewa kauli hii: “Mkuu wetu huwasikiliza watakaoguswa na uamuzi kabla ya kuukata.” Katika shule ya kwanza watano wametoa alama 3 na watano alama 4. Jumla ni 35, wastani ni 3.5. Katika shule ya pili watano wametoa alama 5 na watano alama 2. Jumla ni 35, wastani ni 3.5. Taarifa itakayopelekwa wilayani itasema kwamba wakuu hawa wawili ni sawa.

Sasa tupime mtawanyiko. Katika shule ya kwanza kila jibu liko mbali na wastani kwa 0.5, katika shule ya pili kwa 1.5, yaani mara tatu zaidi. Hatua inayofuata haihitaji hesabu, yahitaji kuuliza tu: hao watano waliotoa alama 2 ni akina nani? Tuseme waliotoa alama 5 ni walimu waketio karibu na ofisi ya taaluma, na waliotoa alama 2 ni wapishi wawili, walinzi wawili, na mwalimu wa kujitolea asiye na mkataba. Hapo twajua jambo ambalo wastani ulilificha. Mkuu huyu huwasikiliza wale wawezao kumdhuru au kumfaa. Kama kuwajibika ni kuwajali wote waguswao na uamuzi, basi alama ya mlinzi wa usiku ina habari nyingi kuliko alama ya makamu wa mkuu, na mtafiti asiyemhoji mlinzi kwa kuwa “hajasoma” amelitupa jibu kabla ya kulipata. Mimi ningependa taarifa za namna hii zichapishe wastani wa kila kundi, na kwanza kabisa wastani wa kundi lililo dhaifu.

Hofu ya mjibu

Yote hayo hayafai kitu ikiwa mjibu anaogopa. Katika ofisi ya watu kumi na wawili, karatasi isiyo na jina haifichi mtu; mwandiko hujulikana, na aliye peke yake wa jinsia fulani au wa kazi fulani hutambulikana kwa mstari wa kwanza. Watu hutoa alama 4 kwa kila kauli na kurudi kazini. Mwaka 1965 Stanley Warner alitoa wazo la kuilinda siri ya mjibu kwa kutumia bahati nasibu. Wazo hilo limekuwa na sura nyingi. Hapa naeleza iliyo nyepesi.

Tuseme twataka kujua ni wafanyakazi wangapi walioamriwa na mkubwa wao watie saini hati wanayojua kuwa si ya kweli. Kila mjibu hupewa sarafu na hurusha peke yake, pasipo kuonekana. Ikianguka upande wa kichwa, ajibu “ndiyo”, iwe kweli isiwe kweli. Ikianguka upande wa pili, aseme ukweli. Sasa hakuna awezaye kumshika mtu kwa kusema “ndiyo”, kwa maana pengine ni sarafu iliyosema. Mtafiti mwenyewe hajui.

Lakini idadi ya jumla yajulikana. Wakihojiwa watu 200, sarafu itatoa “ndiyo” zipatazo 100. Tukipata “ndiyo” 120, zile 20 za ziada zimetoka kwa watu wapatao 100 walioambiwa waseme ukweli. Basi walioamriwa kutia saini hati ya uongo ni kama asilimia 20. Kwa kanuni: tukiita sehemu ya waliosema ndiyo n, na sehemu ya kweli k, basi k = 2n − 1. Hapa n ni 0.6, na k ni 0.2.

Siri hiyo ina gharama yake. Kama wale 200 wangejibu moja kwa moja bila hofu na asilimia 20 wakasema ndiyo, kosa la kukadiria lingekuwa karibu asilimia 5.5 juu au chini. Kwa njia ya sarafu kosa hupanda hadi karibu asilimia 14, maana sarafu nayo huongeza kelele zake. Yaani ukweli waweza kuwa popote kati ya asilimia 6 na 34. Ni ukweli wenye ukungu. Lakini upande wa pili wa mizani kuna sifuri safi iliyoandikwa na watu wanaoogopa.

Yahesabikayo

Wakubwa wengine, wakichoshwa na matatizo ya hojaji, hukimbilia yale yahesabikayo: idadi ya ajali, kurasa za kanuni za maadili, asilimia ya waliofaulu. Tahadhari yahitajika huku pia. Kampuni ya Enron ya Marekani ilikuwa na kitabu cha kanuni za maadili chenye kurasa 64, cha Julai 2000. Desemba 2001 ilifilisika kwa sababu ya udanganyifu wa hesabu. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico na kuua watu 11. Siku hiyohiyo wakubwa wa kampuni husika walikuwamo mtamboni, na jambo mojawapo la ziara yao lilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila mtu kuumia kiasi cha kukosa siku ya kazi. Namba hiyo haikuwa ya uongo. Ilipima kuteguka miguu na kukatwa vidole. Haikupima kama mtu angethubutu kumwambia mkubwa kwamba kisima hakijatulia.

Mwanasaikolojia Donald Campbell aliandika katika miaka ya 1970 kwamba kadiri namba ya kijamii itumikavyo zaidi kutoa maamuzi, ndivyo izidivyo kuchezewa na kuharibu jambo lenyewe iliyokusudiwa kulilinda. Walimu hawahitaji mfano wa mbali. Shule ikipimwa kwa asilimia ya ufaulu peke yake, njia moja ya kuipandisha ni kufundisha vizuri. Njia nyingine ni kuhakikisha kwamba wanafunzi dhaifu hawaufikii mtihani.

Zoezi kwa kidato cha tatu na cha nne

Zoezi hili lisihusu mkuu wa shule wala mwalimu yeyote. Litumie viranja, nao waelezwe mapema. Darasa litunge kauli sita za matendo yenye muda, kwa mfano “Wiki iliyopita kiranja alitangaza zamu za usafi kabla ya siku ya zamu.” Kauli mbili ziwe za kinyume, ili anayekubali kila kitu aonekane. Matokeo yapangwe kwa makundi: wavulana na wasichana, wa bweni na wa kutwa, waliohamia mwaka huu na wa zamani. Linganisheni mtawanyiko kabla ya kulinganisha wastani.

Kisha, kabla ya kuijaribu njia ya sarafu kwa swali lolote la kweli, wanafunzi 40 warushe sarafu mara moja kila mmoja, na idadi ya vichwa iandikwe ubaoni. Rudieni mara kumi. Nadharia yatarajia 20, lakini ubaoni zitaonekana 17, 22, 19, pengine 25, kwa kuwa mtawanyiko wa kawaida hapa ni kipeuo cha pili cha 10, yaani karibu 3.2. Mwalimu aulize: ikiwa sarafu peke yake yaweza kuongeza au kupunguza “ndiyo” sita, darasa la watu 40 laweza kugundua nini, na wanahitajika watu wangapi ili kosa lipungue kwa nusu?